Poti za Sauti Zimefungwa

Kiti ninachokalia kazini nilipewa badala ya kesi. Mtu akiingia ofisini akaniona nyuma ya meza ya simu, mtandio umenizunguka mpaka kidevuni, hudhani kampuni ilinihurumia. Haikunihurumia. Nilikuwa mfagiaji wa ghala lao la gesi, hapa Malindi, na siku moja wajazaji wa mitungi walimwambia msimamizi wa ghala kuwa mpira wa vali ya mtambo umechakaa, gesi inanuka tangu asubuhi. Akasema tumalize kwanza mitungi ya mahoteli. Gesi ikashika moto. Wenzangu waliokuwa karibu na mtambo hawakutoka. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio, nikatoka, na uso huu na mikono hii. Msimamizi alikuwa nje ya ukuta anakunywa chai. Leo ana duka lake la vifaa vya ujenzi, na tukikutana sokoni ananiuliza habari za nyumbani.

Majina yao siandiki. Kazi zao naziandika, na Malindi si kubwa.

Mzee mwenye kampuni alikuja hospitalini mwenyewe. Ni mtu wa familia ya zamani ya biashara, mtu wa swala tano, na akisema neno hulishika. Alivuta kiti akakaa upande wa jicho langu lililokuwa likiona. "Mwanangu," akaniambia, "usiende kortini. Ukipona utakuwa na kazi ya kukaa hapa kwangu mpaka uchoke mwenyewe. Sharti langu moja tu, wateja wangu uwape heshima yao." Nikasema sawa. Ndugu zangu wa Muyeye waliniona mjinga, na huenda nilikuwa. Nimesoma mpaka darasa la sita. Mambo ya korti nilikuwa nayasikia tu kwa watu waliozeekea kwenye benchi zake.

Wakaniweka kwenye simu. Sababu ninaijua: kwenye simu uso hauonekani. Lakini moto haukufika kooni, sauti yangu ilibaki ileile ya usichana, na kwa sauti hiyo nikapata tena watu. Huku kwetu gesi haiagizwi kwa kutaja mtungi tu. Mtu hutoa salamu, akauliza mmeamkaje, akakueleza mvua imenyesha au haikunyesha kwake, ndipo mtungi unatajwa. Mama wa mandazi wa Muyeye nilijua homa za watoto wake wote. Mpishi wa nyumba moja ya wageni, upande wa Watamu, alikuwa akiniita mchumba, hajaniona hata siku moja, na sikumharibia. Mimi ni Mkristo, lakini salamu ya mtu naijibu kama alivyoitoa. Nikisalimiwa kwa assalaam aleikum najibu kwa ukamilifu wake. Nimezaliwa nayo mtaani.

Kisha waya wa simu ya zamani ukawa kila mara unakatwa na wezi, na meneja akaamua tuhamie simu za intaneti. Meneja huyu ni mpwa wa mzee, kijana aliyesoma, anayevaa shati lililopigwa pasi hata akienda kukagua mitungi. "Dada," akaniambia, "hizi simu zinapita kwenye mtandao. Sisi na tawi la Kilifi tutakuwa kama watu wa chumba kimoja."

Kampuni ya simu ilimtuma fundi kutoka Mombasa, msichana mcheshi wa buibui na raba nyeupe. Aliweka simu tatu, moja kwangu, moja kwa meneja, moja stoo, akanifundisha kuhamisha mteja kwa meneja bila kumkata. Mikono yangu haikumshtua, aliishika akaipeleka kwenye vitufe. Hilo namwandikia kwa mema. La pili namwandikia kwa mabaya.

Kuna kijisanduku ukutani, wanakiita ruta, ambacho intaneti yote ya ofisi hupitia humo. Funguo zake, yaani neno la siri, anazo fundi wetu wa hapa Malindi, yule yule aliyetuwekea kamera. Siku hiyo alikuwa tawi la Kilifi. Msichana wa Mombasa alikuwa na gari la kuwahi. Akasimama mbele ya meza yangu, simu mdomoni, akamrekodia ujumbe wa sauti:

"Kaka, kazi yangu nimemaliza, imebaki ya kwako kwenye ruta. Nifungie poti za sauti, elfu kumi mpaka elfu ishirini. Zote, usiache hata moja. Ahsante sana, nisalimie shemeji."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Poti sikujua ni nini, sikuona kibaya. Mtu yeyote hangeona kibaya.

Jioni fundi wetu akapita, akasimama na kompyuta yake chini ya ruta, akabonyeza, akamaliza. Meneja akatokeza kichwa. "Zile poti?"

"Zimefungwa, bosi. Zote."

"Vizuri kabisa?"

"Hapiti hata nzi."

Meneja akacheka, akamshukuru, akarudi ofisini kwake.

Kesho yake mtu wa kwanza kupiga alikuwa mzee mmoja wa Gongoni. Zamani alikuwa nyapara kwenye mashamba ya chumvi, sasa ana mkahawa wa chai na mahamri, na huyo ni rafiki wa mzee wetu wa tangu chuoni. Nikapokea.

"Assalaam aleikum," akasema.

"Waaleikum salaam, mzee wangu. Mmeamkaje huko?"

"Assalaam aleikum."

Nikarudia kujibu. Akaendelea kana kwamba sikusema. "Mwanangu, umepokea, saa inahesabu hapa kwenye simu yangu. Nimetoa salamu." Nikajibu kwa nguvu zaidi. Yeye akawa anasema na mtu wa kando yake, nikamsikia wazi kama yuko mbele yangu: "Yule mwanamke wa gesi, kapokea kanyamaza." Kisha akanirudia. "Haya. Kama salamu yangu haikutoshi, niambie. Kama ni dini, niambie pia." Akakata.

Nikadhani ni mtandao wa Gongoni. Akapiga mama wa mandazi. "Haloo? Shoga? Unanifanyia nini, unga umeshaumuka." Akapiga mpishi wa Watamu. "Mchumba, umenuna?" Nikapiga kelele mpaka mishipa ikasimama, na dereva wa pikipiki ya mitungi, aliyekuwa akingoja mzigo kibarazani, akachungulia.

"Dada, huyo mteja yuko ng'ambo ya mto Sabaki?"

"Hanisikii."

"Kama yuko mbali hivyo si umpigie simu."

Nilicheka siku hiyo. Siku zilizofuata sikucheka. Wote niliwasikia, na hakuna aliyenisikia. Watu hawajui wanavyosema wakidhani upande wa pili pana jiwe. Wengine waliniombea. Mmoja, mwanamke wa sauti nyororo aliyekuwa akiniita dada kila mwezi, alimwambia mumewe, "Si ndiyo yule aliyeungua? Labda na akili imeungua." Nilimwambia kwamba namsikia. Akaendelea.

Nikaenda kwa meneja. Akanisikiliza akiwa anaandika kwenye kompyuta, akasema nirudi kwenye kiti changu, atapiga yeye. Simu ikalia.

"Unanisikia?" akauliza.

"Nakusikia."

"Na mimi nakusikia, safi kabisa. Basi shida iko wapi?"

"Wa nje hawanisikii. Toka nje uende barabarani, nipigie kutoka huko kwa simu yako ya mkononi."

"Dada, fundi amefunga, mimi nimejaribu, umenijibu. Barabarani kuna jua."

Nikachukua simu yangu mwenyewe ya mkononi, nikapiga namba ya ofisi, nikapokea kwa mkono wa pili, nikasema hapa na kusikiliza kule. Kule kimya. Nikampelekea asikie. Alichukua simu yangu kwa vidole viwili, akatazama gundi niliyobandikia kifuniko chake. "Hii imeanguka mara ngapi?"

Simu yangu imeanguka, kweli. Na fundi wetu wa Malindi, aliyepita kuangalia kamera, akaulizwa mbele yangu kama poti ziko sawa, akasema ziko sawa, amefunga mwenyewe. Ukiwa na darasa la sita, na waliosoma wawili wamesimama wamekubaliana, unaanza kujiuliza kama kinywa chako kinafunguka.

Mzee wa Gongoni huja kuswali Ijumaa Malindi. Ijumaa hiyo, baada ya swala, mzee wetu aliingia ofisini, na yeye haingii mara nyingi siku hizi kwa ajili ya magoti. Nikasimama nikamwamkia. Akaitikia. Akakaa kwenye benchi la wateja, si ndani kwa mpwa wake.

"Mwanangu, umekataa salamu ya mtu?"

"Sijakataa, mzee. Nimejibu. Haikufika."

"Anasema alisikia umepokea. Si mara moja. Ananiambia siku ya pili alijaribu kwa hujambo, akidhani labda ndiyo unayoitaka wewe."

Hilo liliniuma kuliko yote. Nilikumbuka ile hujambo. Nilimjibu sijambo karibu nilie.

"Simu ni nzima, mjomba," akasema meneja kutoka mlangoni. "Nimeijaribu mimi mwenyewe. Na wateja wanahamia kwa wale wa barabara ya Lamu."

Mzee akatazama mikono yake. "Mimi neno langu nililitoa," akasema, "na sharti langu nalo nililitoa." Hakupandisha sauti. Aliamua kwamba Jumatatu msichana mwingine akae kwenye simu, nami nipumzike nyumbani kwanza. Neno kupumzika nalijua. Katika kampuni hii aliyepumzishwa harudi. Wale walioungua kidogo kuliko mimi walipumzishwa wote, na leo wanauza makaa.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa nyumbani nikihesabu nani wa kulaumiwa, na kila nikihesabu naanza na yule msimamizi na chai yake. Kama mpira ungebadilishwa, nisingehitaji kiti cha mtu yeyote.

Jumatatu nilikwenda kuchukua vitu vyangu: mto wa kukalia, kikombe, mafuta ya nazi ya kupaka mikono. Msichana mpya alikuwa hajafika. Aliyefika ni fundi wa Mombasa, meneja alimwita aje amfundishe huyo mpya. Aliniona nakusanya.

"Shikamoo mama. Likizo?"

"Marahaba. Ndiyo, ya kudumu."

Hakuelewa, akadhani natania. Akatoka nje kuzungumza na dereva aliyemleta, na huko huko akapiga namba ya ofisi kwa simu yake ya mkononi, wanavyofanya mafundi, kujaribu tu. Simu ya mezani ikalia. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Karibu gesi, tukusaidie nini?"

"Haloo?" akasema. "Haloo?" Akaingia. "Mama, mbona huongei?"

"Nimeongea."

Hakuniuliza simu yangu imeanguka mara ngapi. Alinitazama, akanipa simu yake, akaniambia nitoke nisimame pale kwenye kivuli chembamba cha ukutani, akaketi yeye kwenye kiti changu. Nikapiga. Kupitia kioo nilimwona anachukua mkono wa simu, midomo yake inakwenda, anacheka kidogo, anasema tena. Sikioni mwangu hamna kitu. Nikamwonyesha kwa kichwa: hamna. Nilisimama pale kivulini, nikimtazama mtu mwingine akiwa mimi.

Akamwita fundi wetu. Alikuwa karibu, akaja na kompyuta yake. Meneja naye akatoka.

"Kaka, zile poti zangu ulizifanyaje?"

"Nilizifunga."

"Elfu kumi mpaka elfu ishirini?"

"Zote. Kama ulivyosema."

"Hebu nione." Wakainama kwenye kioo cha kompyuta. Sikuona walichoona. Nilimwona tu msichana anainuka polepole, mkono kiunoni. "Kaka. Umezizuia."

"Si nimekwambia nimezifunga?"

"Nilikwambia uzifunge, sikukwambia uzizibe."

"Dada, kufunga ni nini huko kwenu?"

"Ni kuweka. Tunafunga simu, tunafunga feni, tunafunga dishi. Wewe hizi kamera hukuzifunga?"

"Kamera nilizifunga, ndiyo."

"Ulizizima?"

"Sasa kamera si mlango. Poti ni mlango, hata wewe unajua. Mtu akikwambia funga mlango, unamletea mlango mpya?"

Dereva wa pikipiki alikuwa amekaa juu ya mtungi kibarazani. "Kuna jamaa aliambiwa na mkewe afunge redio," akasema, "akaifunga kwa kamba." Wakacheka. Meneja akacheka mpaka akashika ukuta.

Fundi wetu akajitetea kwamba mwezi ule kuna watu waliingia kwenye kamera kwa mtandao, na meneja mwenyewe alimwamuru azibe kila penye upenyo. Kwa hiyo alipoambiwa afunge zote asiache hata moja, aliona ni jambo la akili. Nami nitasema haki, lilikuwa jambo la akili. Kosa lake ni kutouliza. Kosa la yule msichana ni kuwahi gari.

Akanieleza msichana mwenyewe huku mwenzake akizifungua. Mlio wa simu una mlango wake mmoja, na huo haukuguswa, ndiyo maana simu ililia kila siku. Sauti hazipiti hapo. Sauti zina safu yao ya milango, kutoka elfu kumi mpaka elfu ishirini, kila mazungumzo yanajichagulia wake humo. Sauti za kuingia ziliwekewa njia tangu siku ya kwanza. Za kutoka ndizo zilizozibwa. Na meneja aliponipigia kutoka chumba cha pili, sauti yangu haikufika kwenye ruta kabisa. Ilizunguka ndani kwa ndani.

"Kwa hiyo meneja angetoka akanipigia kutoka barabarani?" nikauliza.

"Angejua dakika ile ile, mama."

Meneja aliacha kucheka. Akachukua simu yake akampigia mjomba wake, nikamsikia akisema ilikuwa hitilafu ya mtandao, imetengenezwa, dada anaweza kuendelea. Nikaweka chini mto wangu.

"Si hitilafu ya mtandao," nikasema. Sikupaza sauti. "Mwambie. Fundi wa Mombasa alisema funga, fundi wa Malindi akaziba, na wewe uliona jua la barabarani ni kali."

"Dada, si yamekwisha?"

"Kwangu hayajakwisha. Mzee ameambiwa nimekataa salamu."

Mzee alikuwa bado kwenye simu. Sijui alisikia kiasi gani. Nilimwona meneja anasikiliza, anasema ndiyo mjomba, ndiyo mjomba, kisha akanipa simu bila kunitazama.

"Mpigie mwenyewe yule wa Gongoni," mzee akaniambia. "Akikuitikia, kiti ni chako. Asipoitikia, mimi nitamwambia nini?"

Nikakaa. Nikapiga kwa simu ya mezani, wote wamesimama. Ikalia muda mrefu. Ikapokelewa. Niliona saa ya ile simu inaanza kuhesabu.

"Assalaam aleikum," nikasema.

Kimya. Nilisikia vikombe, nikasikia mtu anaagiza chai ya rangi, nikasikia redio. Msichana wa Mombasa akainamia ile simu, uso umembadilika, akaanza kubonyeza kompyuta. Nikamzuia kwa mkono. Poti zilikuwa wazi. Nilimsikia mzee yule akipumua. Alikuwa ananilipa kimya kwa kimya.

"Assalaam aleikum, mzee wangu. Ni mimi wa gesi. Salamu zako zote nilizipokea, na zote nilizijibu. Hata ile hujambo. Milango ya sauti huku kwetu ilikuwa imezibwa, nikawa nakusikia hunisikii. Hasira yako ni haki yako. Mimi salamu ya mtu sijapata kuikataa."

Vikombe vikaendelea. Dereva wa pikipiki alikuwa ameshuka kwenye mtungi wake.

"Imezibwa na nani?" akauliza mzee wa Gongoni.

Nikamtajia. Wote watatu, kwa kazi zao na kwa majina, wakiwa wamesimama pale mbele yangu wananisikia. Meneja alitazama viatu vyake. Mzee wa Gongoni akasikiliza mpaka mwisho, akauliza fundi wa Mombasa ni mtoto wa nani, nikamwambia sijui, akasema haidhuru.

"Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh," akasema. Kisha, kama vile hakuna kilichotokea, "Mvua imenyesha kwenu? Hapa hata tone. Mtungi wangu umekwisha tangu juzi, napikia kuni, wateja wananuka moshi. Nitumie mkubwa, na mwambie huyo wa pikipiki asipite njia ya mashimo."

Nikamwambia utafika kabla ya adhuhuri. Dereva alikuwa ameshaanza kuupakia.